Ngamia Hawasubiri Semina

Kwa mara ya nne ndani ya miezi miwili, Wanza aliketi katika ukumbi wa hoteli mjini Voi, akiambiwa achore mti wa mizizi ya ugomvi wa wakulima na wafugaji. Alikuwa mkulima wa Miasenyi, ndengu zake zilikuwa zinangoja kuvunwa, na mizizi yenyewe aliijua bila kuchora: ngamia walikuwa na kiu, na maji yalikuwa kwenye tangi la wakulima peke yake.

"Hillary, mwanangu," alimwambia afisa wa mradi, kijana mtanashati kutoka Nairobi, "tujengeeni birika la kunyweshea mifugo. Ugomvi utaisha siku hiyo hiyo."

"Nakuelewa, mama. Lakini wafadhili wametoa fedha za mazungumzo ya amani. Mabomba na simiti hayamo."

"Tuzungumze mpaka lini? Huyu mzee Galgalo tumezungumza naye hadi nayajua majina ya ngamia wake!"

Galgalo, msemaji wa wafugaji, alitikisa kichwa. "Mimi hata soda zenu zimenichosha."

Hapo simu ya Wanza ikalia. Alikuwa jirani yake, Mutinda: ngamia wamevunja bomba la tangi, na vijana wa kijiji wameshika mapanga.

Wanza akasimama. "Twende, mzee."

"Mama, hamjajaza fomu ya tathmini!"

"Ijaze wewe. Andika tumestawi."

Walikodi bodaboda mbili. Miasenyi walikuta maji yakimwagika ovyo, na watu wamesimama pande mbili wakitukanana. Galgalo akapita katikati yao, akavua koti, akaanza kuchimba mtaro wa kuyapeleka maji mbali na tangi. Wanza akaburura mapipa mawili ya plastiki kutoka kwake, akamwamuru Mutinda, naye akiwa na panga mkononi, ayapasue kwa panga hilo hilo yawe mabirika. Vijana walisitasita, kisha mmoja mmoja wakashika majembe. Kufikia jioni ngamia walikuwa wakinywa mbali na tangi, na hakuna aliyeumia.

Wiki iliyofuata Hillary alifika na mpiga picha, na bango lenye nembo ya mfadhili. Mradi umeongezewa mwaka mzima, alisema kwa furaha, kutokana na mafanikio haya.

"Na mabomba?" Wanza akauliza.

"Tutaanza na semina, mama."

Wanza alimtazama mpaka kijana akainamisha macho. Kisha akamkabidhi sururu.

"Bango lako kalisimike kule kwenye mawe. Hapa panapita ngamia."