Cherehani Yenye Jina Lake

Kitambaa hakikuwapo, kwa hiyo Mama Pacha alijifunza kushona kwenye karatasi za mifuko ya saruji. Aliziokota penye jengo lililokuwa likipandishwa nyuma ya soko, akazikung'uta vumbi na kuzipeleka darasani zikiwa zimekunjwa kwapani. Darasa lenyewe lilikuwa ukumbi wa ofisi ya mtaa: wanawake kumi na wawili, cherehani tatu, na Mwalimu mmoja, mama wa makamo, ambaye futi ya kupimia haikumtoka shingoni. Karatasi ya saruji haina huruma. Sindano ikipita pasipostahili, tundu linabaki, kila mtu analiona.

Aliyeketi kando yake walizoea kumwita Bibi Harusi, kwa sababu alikuja darasani kila siku amejipamba kama anayesubiri kuja kuchukuliwa. Alikuwa mkwe wa mwenyekiti wa mtaa. Alikuwa na mkasi wake mwenyewe, nyuzi za kila rangi, na vitambaa vipya ambavyo alivikata upande na kuvitupa chini ya meza.

"Nimeua tena!" alikuwa akisema, akicheka.

Mama Pacha aliviangalia vile vilivyouawa. Kimoja kingetosha mkono mzima wa gauni la mtoto. Bibi Harusi alipotoka nje kupokea simu, aliinama upesi, akaviokota na kuvisokomeza mfukoni, na roho ikamuuma kuliko kama angeviacha. Hakumchukia kwa ubaya, maana Bibi Harusi hakuwa na ubaya. Alimchukia kwa vile vidole vyake visivyokuwa na alama hata moja ya sindano.

Nyumbani alilaza ubao juu ya tofali, akauweka chini ya meza, akawa anaukanyaga huku akichambua mchele. Mguu uzoee, alisema Mwalimu, akili itafuata. Pacha wake walimpigia mlio kwa midomo, trrrr, halafu mmoja anapiga kelele, "Mama, uzi umekatika!" Mumewe, mchukuzi ambaye mgongo ulimwangusha na mzigo kichwani, alicheka akiwa amelala kwenye mkeka. "Fundi, mimi suruali yangu lini?"

"Subiri foleni," alimjibu. "Wateja ni wengi."

Miezi sita ilipita hivyo. Watano watakaofaulu zaidi walikuwa wameahidiwa barua za mradi uliogharimia darasa, kila mmoja aende na yake dukani akachague cherehani. Wiki ya mwisho Mwalimu aliwafundisha namna ya kuchagua.

"Msidanganywe na rangi," alisema. "Rangi haishoni. Zungusha gurudumu kwa mkono, polepole, duru nzima. Likishika mahali hata mara moja, iache. Shika chuma cha sindano, kitikise. Kikicheza, iache. Shona mstari mmoja, geuza kitambaa, tazama na chini. Cherehani ya kwanza ni kama mchumba. Mkishaingizana ndani, kasoro zote ni zako."

Siku ya mtihani Mama Pacha alishona shati la mtoto kwa vile vipande alivyookota. Mwalimu aliugeuza mshono ndani na nje, kisha akalipitisha shati kwa wote walitazame. Bibi Harusi alilishika, akasema kwa mshangao wa kweli, "Mwenzangu, hiki si kitambaa changu?"

Kabla ya matokeo, Afisa wa mradi alimwita ofisini na kumsogezea karatasi iliyoandikwa Kiingereza.

"Saini hapo, mama."

"Inasema nini, mheshimiwa?"

"Inasema ulisoma hapa. Au hukusoma?"

"Nimesoma."

"Basi tatizo liko wapi? Watu wanangoja nje."

Alisaini.

Kesho yake majina matano yaliitwa ukumbini, lake halikuwamo. Bibi Harusi aliitwa wa tatu, akasimama akiangalia viatu vyake. Mama Pacha alimfuata Mwalimu hadi mlangoni.

"Mimi nilikuandika wa kwanza," Mwalimu alisema kwa sauti ya chini. "Wa kwanza kabisa." Kisha akamwona Afisa akija, akaanza kuikunja futi yake kama mtu mwenye haraka.

Siku mbili baadaye Bibi Harusi alibisha hodi kwake.

"Shoga, nisindikize dukani. Mimi nikienda peke yangu nitauziwa jiko."

Mama Pacha angeweza kukataa. Alikwenda kwa sababu alitaka kuziona hizo cherehani.

Muuzaji aliipokea barua, akavaa miwani, akasoma jina kwa sauti. Majina yote matatu. Yalikuwa ya Mama Pacha.

Aliufungua mdomo kuitika. Bibi Harusi akawahi.

"Ni mimi."

Kisha, muuzaji alipoingia stoo, alimnong'oneza bila kumtazama, "Baba mkwe ndiye aliyesema nijibu hivyo. Mimi sikujua jina ni la nani mpaka nilipoifungua barua. Usinikasirikie, shoga. Awamu ya pili utapata."

Cherehani tatu zililetwa mbele yao. Ya kwanza ilikuwa mbovu waziwazi, hata mkanda haina. Ya pili ilikuwa nyeusi, imechubuka ubavuni, na Mama Pacha alipoligusa gurudumu lilizunguka lenyewe, likaendelea hata baada ya mkono wake kuondoka. Alishona nayo mstari mmoja tu, akatamani kulia. Ya tatu ilikuwa nyeupe, ina maua ya dhahabu toka kichwani hadi kwenye droo. Aliizungusha. Gurudumu likashika. Akaizungusha tena, likashika palepale. Chuma cha sindano kilicheza kama jino bovu.

"Ipi?" Bibi Harusi aliuliza. "Wewe ndiye unayejua."

"Chukua hii yenye maua," alisema Mama Pacha. "Inafanana na wewe."

Bibi Harusi alimkumbatia. Furaha iliyompata Mama Pacha wakati ule ilikuwa kali na chungu, na ilimfikisha mpaka mlangoni kwake, ikaishia hapo. Ndani, mume alikuwa amelala vilevile, na pacha walikuwa wakikanyaga ubao.

Mwezi haukuisha, mwenyekiti akampatia mkwewe kazi ya kushona sare za shule nzima. Mkwe hakujua kutia hata ukosi. Akabisha hodi tena.

"Njoo unishonee, shoga. Nitakupa chochote kwa kila sare."

Chochote kilikuwa kidogo, lakini jikoni kwake hakukuwa na hata hicho. Akaenda. Kuanzia asubuhi alikaa kwenye chumba cha uani cha mwenyekiti, akiikanyaga ile cherehani nyeupe. Kila duru ilishika. Kila iliposhika ilibidi aisukume kwa goti, uzi ukakatika, akaunganisha, akaendelea. Mguu wa kulia ulivimba hadi akawa anavaa kiatu kimoja. Sare iliyoharibika haikulipwa. Upande wa pili wa pazia alimsikia Bibi Harusi akiwapokea wateja na kuwaambia, "Mimi hushona mwenyewe."

Siku moja Bibi Harusi alisimama mgongoni pake, akamwangalia akipambana na fundo la uzi.

"Kumbe hata wewe fundi uliingizwa mjini na haya maua," alisema kwa huruma, akamwekea kikombe cha chai.

Chai ile hakuinywa.

Mwezi wa nne tangu cherehani ichukuliwe, Afisa alikuja akitokwa jasho. Wageni wa mradi walikuwa njiani kuja kuwaona waliopata.

"Leo cherehani hii ni yako," alimwambia Mama Pacha. "Si jina ni lako? Si saini ya kuipokea ni yako? Basi hutakuwa umesema uongo."

Ndipo alipojua ile karatasi ilisema nini.

"Na awamu ya pili, mheshimiwa?"

"Wewe umeshapata, mama. Mtu hapati mara mbili."

Mgeni alikuwa mwanamke mpole mwenye daftari. Mwenyekiti alisimama nyuma yake, mikono mgongoni. Bibi Harusi alikuwa nyuma ya pazia. Vidole vya miguu yake vilionekana.

"Cherehani yako inakusaidia?" mgeni aliuliza.

Mama Pacha alimtazama mwenyekiti, akaitazama na rundo la sare ambazo hazikuwa zimelipwa.

"Inanisaidia."

"Hebu tuone kidogo."

Alikanyaga. Duru ya kwanza, ya pili. Ya tatu gurudumu lilishika, akasukuma kwa goti, sindano ikavunjika vipande viwili na kimoja kikaruka miguuni pa mgeni.

"Ina muda gani?"

"Miezi minne tu!" Afisa alisema, akatikisa kichwa. "Tunawapa vitu vipya, hivi ndivyo wanavyovifanya."

Mgeni alihuzunika. Aliandika taratibu, na Mama Pacha, aliyekuwa akiinuka na kipande cha sindano mkononi, aliyasoma maneno: *Hawatunzi vifaa.*

"Jina lako kamili, mama," mgeni alisema, kalamu ikiwa tayari chini ya maneno yale. "Nisije nikalikosea."

Mama Pacha alimtajia, herufi moja baada ya nyingine.