Upana wa Wimbo

Jumatano ya tarehe tisa, mwezi wa sita, saa tatu na dakika kumi asubuhi, ndipo mambo yalipoharibika, na walioyaharibu walikuwa ofisini kwao wanakunywa chai. Umeme ulikuwa umekatika tangu juzi yake. Wakubwa wa umeme, bila kumwambia mtu, wakaurudisha kwa mkupuo mmoja, kama anayemmwagia mwenzake ndoo ya maji usoni. Taa ya sebuleni ikapasuka. Friji ikaguna mara moja, ikanyamaza. Na kule chumba cha nyuma, kinanda cha marehemu kikatoa moshi mwembamba, mweupe, ukapita juu ya vibonye ukielekea dirishani bila haraka.

Fundi seremala alikuwa uani anapiga randa mlango wa watu. Alinusa, akaingia mbio, akachomoa waya. Alikuwa amechelewa.

Mtengenezaji wa redio alikifungua kile kinanda, akachungulia ndani, akatikisa kichwa. "Ubongo umekwenda, fundi. Mwili mzima, lakini ubongo umekwenda."

"Na vilivyokuwemo?"

"Vimekwenda nao."

Ndani ya ubongo ule mlikuwa na wimbo mmoja. Mke wa fundi, ndiye huyo marehemu, aliutunga mwaka wake wa mwisho, hauna maneno, hauna jina, akaurekodi humo humo kwenye kinanda. Wakati huo mkono wake wa kushoto ulikuwa umeanza kukosa nguvu, kwa hiyo akamkalisha mumewe pembeni yake na kumfundisha upande wa chini, kidole kwa kidole, jitu zima lenye vidole kama misumari ya inchi sita. Yeye akapiga kulia, mume kushoto. Wimbo uliorekodiwa ulikuwa wao wawili. Binti yao hakulijua hilo. Siku hizo alikuwa mbali anasoma, na aliporudi moja kwa moja, mama yake hakuwa mtu wa kukaa tena kwenye kinanda.

Miaka miwili tangu msiba, fundi hakuwahi kuubonyeza ule wimbo ulie. Binti alimwomba mara tatu, "Baba, niuhamishie kwenye kompyuta, usije ukapotea." Mara tatu alijibiwa, "Acha kwanza."

Sasa umepotea, na fundi alikuwa na watu wengi wa kulaumu. Wa umeme kwanza. Kisha wale wa hospitali, ambako mashine ya kumsaidia mkewe kupumua ilikuwepo, mpya kabisa, imefungiwa stoo, na mwenye ufunguo wa stoo amekwenda semina. Semina ya huduma bora. Fundi aliishia darasa la nne, hajui semina wanafundishwa nini, lakini anajua kwamba mtu akisafiri huacha ufunguo. Hao alikuwa akiwalaumu mchana kutwa, huku anapiga randa, kwa sauti ya kutosha majirani. Zile mara tatu hakuzitaja.

Chumba cha nyuma ndicho kilichokuwa studio ya binti. Magodoro mawili ya zamani yameegemezwa ukutani kuzuia mwangwi, kompyuta iko juu ya meza aliyoitengeneza baba, maikrofoni imevishwa soksi. Alikuwa akiwatungia wenye maduka muziki wa matangazo, na bila kinanda kazi ilisimama.

"Tutanunua kibodi kontrola," akamwambia baba yake.

"Ndiyo nini?"

"Ni vibonye tu. Chenyewe hakina sauti. Unakichomeka kwenye kompyuta, unabonyeza, kompyuta ndiyo inayolia."

Fundi akaweka patasi chini. "Hakina sauti."

"Hakina. Kinaamuru tu."

"Na kazi anafanya mwingine."

"Ndivyo."

"Kumbe ni mkubwa wa ofisi." Akapuliza vumbi la mbao. "Nimefanya kazi chini ya makontrola wengi mimi, mama. Sikujua kama wanauzwa."

Binti akacheka, mara ya kwanza tangu Jumatano. Kisha akamweleza kwa taratibu: kinanda kizima kama kile cha mama hawakiwezi, ila kontrola ya bei nafuu wanaiweza, moja, maana ule mlango wa watu umelipwa. Fundi akasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu. "Ukikipata, wimbo wa mama yako unaweza kupigika?"

"Wimbo wa mama umekwenda, baba."

"Nimekuuliza kama unaweza kupigika."

"Kama kuna anayeujua," binti akasema, na akarudi ndani.

Asubuhi ya kwenda dukani alimkuta baba yake amekiinamia kinanda kilichoungua, mkononi ana kipande cha kamba. Futi anayo, lakini kwa vitu asivyotaka kukosea hutumia kamba, kwa sababu kamba haina namba za kusoma vibaya. Aliishika ncha moja kwenye kibonye kimoja cha chini, akaivuta kulia mpaka kwenye kibonye ambacho marehemu alikitia tone la rangi ya kucha, asikikose, kwa kuwa hapo ndipo wimbo ulipofika juu kabisa. Akafunga fundo.

"Unafanya nini?"

"Napima wimbo."

"Baba, wimbo haupimwi kwa kamba. Tunahesabu vibonye. Hapo ni arobaini na kitu, tukipata cha arobaini na tisa tumemaliza."

"Wewe hesabu. Mimi nimepima."

Duka lilikuwa la mama mmoja wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa shingoni, na nyaya zimetundikwa dari nzima kama nguo za kufuliwa. Mtaa mzima wanamwita Mama Waya. Kwanza aliwatolea kibodi ya vibonye ishirini na tano, ndogo, ya kuingia kwenye begi. Fundi akalaza kamba juu yake. Kamba ikaning'inia huku na huku.

"Mzee ananunua kibodi au kitambaa?" Mama Waya akauliza.

"Usimwite mzee, atakupandishia bei ya milango," binti akasema.

Ya pili ndiyo iliyomvuta binti. Vibonye arobaini na tisa, lakini vyembamba vya kisasa, na upande wa kulia ina vidude vinane vya mraba vinavyowaka taa, ukivigonga vinapiga ngoma. Nusu ya kazi yake ni ngoma. Akagonga kimoja, kikawaka bluu, na uso wake ukawaka pamoja nacho.

"Hii," akasema. "Bei yetu hasa."

Fundi akalaza kamba. Ikapita ukingo wa vibonye kwa upana wa kiganja.

"Haifiki."

"Baba, noti zote zimo. Zimebanwa tu. Wimbo ule ule, vibonye vyembamba zaidi."

"Ukipunguza mlango, ukaweka kitasa kile kile na bawaba zile zile, mwenye nyumba atapita?"

"Muziki si mlango."

Mama Waya, aliyekuwa ameona wateja wengi wa baba na mwana, akavuta ya tatu kutoka chini ya meza. Imetumika. Arobaini na tisa pia, lakini vibonye vyake vya upana wa kawaida, rangi imechubuka, kitufe kimoja cha kuzungusha kimeng'oka, haina hata taa. Akaichomeka kwenye kompyuta yake, akabonyeza kwa ncha ya kidole, sauti ikatoka kama mtu anayeongea karibu na mtoto aliyelala. Akabonyeza kwa nguvu, ikapaa. "Hii inasikia mkono," akasema. "Bei sawa na yenye taa. Yenye taa nayo inasikia, ila kidogo."

Kamba ikalala juu ya ile kuukuu, fundo likaishia ndani ya ukingo, na nafasi kidogo ikabaki.

"Hii," fundi akasema.

Binti akakunja mikono. "Baba, naomba tuongee vizuri. Studio ni yangu. Hela ni yako, nakubali, lakini wenye maduka wanalipia ngoma. Hii nitapigia ngoma kwa vibonye, kila tangazo litanichukua siku mbili. Kwa ajili ya wimbo ambao haupo?"

Fundi akaikunja kamba. Aliisogelea ile nyembamba yenye taa, akaomba nayo ichomekwe, akaketi kwenye kigoda cha dukani, akaweka mkono wa kushoto juu ya vibonye. Akafumba macho. Mkono ukaanza kutembea: chini, ukaruka, ukarudi, ukaruka tena. Kila uliporuka ulipitiliza. Zikatoka sauti za ajabu, kama mtu anayeshuka ngazi kwa miguu ya mwingine. Mama Waya akaangalia pembeni kwa adabu.

Akasimama, akahamia kwenye kuukuu. Macho amefumba vile vile. Mkono ukatembea, ukaruka, ukatua. Ukaruka, ukatua. Hapakuwa na kubabaisha. Upande wa chini wa wimbo ukatoka wote, mzito, wa polepole, kwa vidole vile vile vilivyokuwa vimeshika randa asubuhi.

Binti alikuwa amekunjua mikono bila kujijua. "Nani alikufundisha?"

"Nani anajua kupiga kinanda nyumbani kwetu?"

"Lini?"

"Ulipokuwa shule. Mkono wake ulikuwa umechoka, akaazima wangu."

Binti akatazama zile taa nane mara moja zaidi. Kisha akamwambia Mama Waya, "Tufungie hiyo iliyochubuka. Na waya wake, tafadhali, usiwe wa kuungaunga."

Walianza Jumamosi, mchana, dirisha wazi. Binti alitafuta kwenye kompyuta sauti inayokaribia ile ya kinanda cha mama, akapata moja iliyomfanya baba yake aache kutikisa kichwa, akaiacha hiyo hiyo. Wakakaa kwenye benchi moja, fundi kushoto. Yeye anapiga upande wa chini na kunung'unika upande wa juu puani, kwa sauti inayokwaruza. Binti anatafuta kwa mkono wa kulia, anakosa, anarudia.

"Si hapo. Juu kidogo. Hapo. Hapo umepita."

"Baba, unanung'unika kama mashine ya kusaga. Fungua mdomo."

Mstari wa kwanza wakaupata kabla ya chai. Wa pili, unaofika juu kabisa, wakaupata haraka, kwa kuwa hata binti alikuwa akiusikia nyumbani siku za likizo, mama akiutafuta kwa mkono wa kulia, kupitia ukutani, bila kujua ni nini. Wa tatu ukawasumbua mpaka jasho. Kompyuta ilikuwa ikirekodi muda wote, na safari hii binti alihifadhi mara tatu, sehemu tatu, bila kuomba ruhusa ya mtu. Fundi alimwona. Akafungua mdomo aseme jambo, pengine juu ya wakubwa wa umeme, akaufunga.

Ukabaki mstari wa nne, wa mwisho. Fundi akapiga chini. Binti akajaribu kwa kupanda, noti kwa noti, ukakaa vizuri. Akajaribu kwa kushuka. Ukakaa vizuri vile vile.

"Upi?"

Fundi akarudia upande wake. Ulikuwa mmoja, haukubadilika, ulizikubali njia zote mbili. Alijaribu kunung'unika, ikatoka ya kupanda. Akajaribu tena, ikatoka ya kushuka.

"Baba, ulikuwa umekaa naye hapa. Ulikuwa unaona."

"Nilikuwa naangalia vidole vyangu," fundi akasema. "Aliniambia, usiangalie vyangu, utapotea, angalia vyako."

Binti akaziacha zote mbili zimehifadhiwa, akaondoa mkono kwenye vibonye. Nje mtu alikuwa anapitisha mkokoteni, wakasubiri upite, kisha binti akamgeukia baba yake.

"Basi mwishoni pale, mama alikuwa anapanda, au anashuka?"