Iliki ya Nyacheki

Sagwe aliitoa miche kumi ya iliki Usambara, Tanzania, akaijaribu kando ya chai yake Nyacheki. Miaka mitatu alitazama juu kila siku. Majani yalimpita kimo, tunda hakuliona.

Asubuhi hiyo kaka yake Matundura alifika na panga.

"Hata ng'ombe wangu wameikataa hii nyasi yako ya nepia. Leo nafyeka, tupande chai."

"Sehemu hii baba alinikatia mimi. Ukitaka kufyeka, anza na miguu yangu."

Matundura alicheka, akainama kukata shina la kwanza, kisha akaduwaa. Chini kabisa, juu ya udongo, vikonyo vilikuwa vimetambaa na vitunda vya kijani. Sagwe alichuma kimoja, akakitafuna, harufu ikampanda puani.

"Inua mguu, kaka," akasema. "Umekanyaga iliki yangu."