Mama Yangu Musi

Usiku wa jana niliota nimerudi kwetu Rungwe, theluji inaanguka juu ya migomba, na mama amekuwa musi, yule kulungu mkubwa wa nchi za baridi. Hilo halikunishangaza. Kilichonishangaza ni kwamba nimerudi. Mama anaumwa tangu mwezi wa nne, na mimi nimekuwa nikituma salamu tu.

Amesimama uani. Mgongo wake umepita paa la jiko. Kidevuni inaning'inia ngozi ndefu yenye manyoya, inapepea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani? Macho yangu hayafai. Sema tena, masikio ndiyo yanayoona."

"Ni mimi, Subilaga."

Sikio la kushoto likanigeukia. La kulia likabaki limeelekea barabarani.

Ukutani zilitundikwa pembe za marehemu baba, pana kama masinia. "Kila mwaka alituangusha, akaota nyingine," zikasema. "Karibu ndani. Sisi hatuna kinyongo."

"Mimi ninacho."

"Basi kaa nje."

Nikakaa nje. Ua ukawa ziwa, maji yakanifika kiunoni. Mama akazama mzima, akakaa chini muda mrefu, akaibuka akitafuna majani ya ziwani. Meno ya mbele ya juu hana.

Nikaona nisipouliza sasa sitauliza tena.

"Mama, kwa nini ulinifukuza?"

Nilikuwa na miaka saba. Alipokaribia kumzaa mdogo wangu Lusajo, mama alitia nguo zangu kwenye mfuko wa rambo, akanipeleka kwa shangazi, kule Chimala. Nilipotoroka kurudi, alinifukuza kwa mwiko mpaka barabarani.

"Ndiyo sheria ya musi," akasema. "Mtoto akitimiza mwaka, na mwingine anakuja, mama humfukuza. Hulaza masikio, husimamisha manyoya ya mgongo, hupiga kwa kwato."

"Mimi nilikuwa na miaka saba."

Akaacha kutafuna.

"Najua. Nilichelewa miaka sita. Kila mwaka nilisema kesho."

Theluji inaanguka ziwani bila sauti.

"Siku ile nilijificha kwenye shamba la kahawa mpaka jioni," nikasema. "Hukugeuka hata mara moja."

"Musi hana haja ya kugeuka. Sikio moja lilikuwa kwako. Ulikohoa mara nne. Ulilia, ukajifuta kwa gauni, ukaondoka umevaa kiatu kimoja."

Ni kweli. Sijawahi kumwambia mtu habari ya kiatu.

"Nipe mkono," akasema. "Huku hakuna chumvi."

Nikampa mkono wa kulia. Akaulamba taratibu, kwa ulimi mkavu kama msasa, mpaka ukaanza kuuma. Sikuuondoa. Kisha akaenda kwenye kina, maji yakamfika shingoni, masikioni. La kushoto ndilo lililozama mwisho.

Niliamka kumekucha, nikampigia Lusajo.

"Mama anaendeleaje?"

"Yupo, dada. Amelala vibaya. Sasa hivi amekataa uji."

"Kwa nini?"

"Sijui nikuelezeje. Uji una sukari, nimeuonja mwenyewe. Ila yeye anasema mdomo wake umejaa chumvi, na hataki kusukutua."