Kijiji Kisicho na Malaria

Mimi ndiye niliyeanza kupaka. Watu wa kijiji chetu, Kendudihi, wakikuambia kwamba mwenyekiti alitulazimisha, usiwasikilize. Mwenyekiti alisema tu. Mimi, mhudumu wa afya wa kijiji kwa miaka tisa, ndiye niliyechukua udongo na samadi ya ng'ombe nikapaka kuta zangu mchana kweupe, kila mtu akiniona.

Miaka yote hiyo nilikuwa nikiwapigia kelele wanawake: wapuliza dawa wakishapita, ukuta usiguswe miezi mitatu. Mbu akitua juu ya dawa anakufa, lakini ukiifunika kwa udongo umemtandikia kitanda. Shida ni kwamba sisi Wasantali tuna Sohrai, sikukuu ya mavuno, na Sohrai bila kuta mpya ni aibu ya mwaka mzima. Kila mwaka tulikuwa tunavutana mpaka tunaelewana: nje paka, ndani acha. Mwaka huu wapulizaji walichelewa, wakatuachia madoa meupe ukutani Sohrai ikiwa karibu. Na mwaka huu kulikuwa na tuzo.

Serikali ya jimbo ilitafuta kijiji ambacho hakijapata hata mgonjwa mmoja wa malaria mwaka mzima. Katika wilaya yetu tulibaki wawili, sisi na wenzetu wa ng'ambo ya mto. Mshindi angejengewa zahanati, yenye muuguzi wa kulala hapo hapo na kitanda cha kujifungulia. Kutoka kwetu hadi hospitali ni kilomita thelathini na moja. Nimewabeba wanawake juu ya vitanda vya kamba hadi barabarani, na wawili walinifia njiani. Niliitaka zahanati ile kuliko kitu chochote duniani.

"Wageni wa serikali kutoka Bhubaneswar wanakuja baada ya wiki tatu," alituambia mwenyekiti, Raimat Tudu, mama wa miaka sitini mwenye sauti ya kuamrisha ng'ombe. "Wakiona kuta hizi watadhani kijiji kina upele. Jhano, unasemaje?"

Wanawake wote wakanigeukia.

"Pakeni," nikasema.

"Ndani na nje?" akauliza jirani yangu Salge.

"Ndani na nje."

"Makubwa! Mwaka jana si wewe uliyenipokonya ndoo?"

Wakacheka, nami nikacheka nao. Katika siku nne kijiji kizima kilimeremeta kwa udongo mwekundu na maua ya unga wa mchele.

Jumanne ya wiki ya wageni, wifi yangu Duli alishikwa na homa. Ni mke wa mdogo wangu, ambaye yuko mbali, Kerala, anakojenga maghorofa ya watu. Mimba yake ya kwanza ilikuwa ya miezi minane. Nilimkuta chini ya mablanketi mawili, meno yanagongana.

"Wifi, huyu mwanao ameanza kucheza ngoma kabla ya sikukuu," akaniambia.

"Ana haraka kama baba yake. Lete kidole."

Nilimtoboa, nikaweka tone la damu kwenye kipimo, nikaenda nacho jikoni. Ikatokea mistari miwili. Malaria. Sheria naijua hata usingizini: mwenye mimba anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo, na tarehe inaandikwa daftarini. Nilikificha kipimo kwenye upindo wa sari, nikaenda kwa Raimat.

"Hesabu ya mwaka inafungwa Alhamisi mchana, wageni wakitia sahihi," akasema. "Siku mbili tu, mwanangu. Dawa si unazo?"

"Ninazo. Lakini huyu ana mimba, mama."

"Na tukipata zahanati, wenye mimba wangapi watapona? Mimi sikulazimishi. Wewe ndiye unayejua."

Nilijua. Nilirudi nikamwambia Duli kwamba ni homa ya uchovu, ameze vidonge. Alivitapika, nikampa vingine. Jumatano alikunywa maji ya wali na kusema ana nafuu, nami nikamwamini kwa sababu nilitaka kumwamini.

Alhamisi ngoma zililia tangu asubuhi. Wageni walivishwa mashada, wakazunguka nyumba kwa nyumba wakizipiga picha kuta zetu. Mkubwa wao akanisimamisha mbele ya watu.

"Mwaka mzima, dada, hata mgonjwa mmoja?"

"Hata mmoja," nikasema.

Walipiga makofi, akatia sahihi. Sikuwa hata nimekaa chini Salge alipokuja mbio na kuning'ang'ania mkono.

"Njoo! Wifi yako anajikunja, macho yamegeuka!"

Tulimpakia kwenye gari la wageni wale wale. Kilomita thelathini na moja nilikishika kichwa chake mapajani, na kila waliponiuliza ana nini, nilisema sijui. Mlangoni mwa hospitali ndipo nilipomnong'oneza daktari neno malaria.

Mtoto alitoka usiku ule akiwa amekufa. Alikuwa msichana. Duli alipona.

Jumamosi Raimat alikuja wodini na machungwa. Alilia, na hakuwa anaigiza. Kisha akavuta kiti karibu nami na kushusha sauti.

"Mwezi ujao wanachimba msingi. Wewe andika Alhamisi jioni, baada ya sahihi. Hiyo inaingia mwaka mpya, haituharibii kitu."

Tulidhani Duli amelala.

"Wifi," akaniita. "Wewe ulinitoboa kidole Jumanne. Ulijua tangu Jumanne?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Ningesema kipimo kilikosea, na angeniamini, maana hakuwa na sababu ya kutoniamini. Lakini nilimtazama, na kifua chake kilikuwa kimelowa maziwa.

"Nilijua."

Alivuta shuka, akajifunika kifua.

"Basi andika Jumanne."

"Duli, binti yangu," Raimat akamsihi, "watatunyang'anya zahanati. Fikiria wanawake wa kijiji."

"Na mimi ni nani, mama?"

Nilifungua daftari juu ya magoti yangu, nikaandika Jumanne, jina la Duli na jina langu. Raimat akaondoka bila kuaga.

Zahanati inajengwa ng'ambo ya mto. Wanawake wakiniona kisimani huinua ndoo zao na kwenda, na siwalaumu. Hayo nayavumilia. Duli nampitia kila siku, ananifungulia mlango, ananipa kigoda, ananijibu ninachouliza. Ila haniiti tena wifi. Ananiita mhudumu.