Kamba Iliyokunjwa Vizuri

Mama Tupa alikuwa dukani akimtoa jasho muuza vipuri, jambo ambalo si geni hata kidogo. Kila alipoingia pale, muuzaji alishusha pumzi kabla hata ya salamu.

"Mama, minyororo ni hiyo hiyo. Yote inakata."

"Hata wembe unakata. Mimi nataka wa msumeno mdogo, ule anaopanda nao mtu juu ya mti. Huu ni wa msumeno mkubwa. Hebu hesabu meno ya ndani. Yakizidi hata moja, mnyororo unalegea. Ukilegea unaruka, na ukiruka hautui usoni kwako, unatua usoni kwa mwanangu."

Muuzaji akahesabu. Yakazidi manne. Akaurudisha mnyororo rafuni, na watu wawili waliokuwa wakingoja nyuma wakaguna.

Siku nyingine Mama Tupa angebaki hapo kufurahia ushindi wake. Leo wapi! Tangu alfajiri moyo ulikuwa hautulii, akawa mtu wa kusimama na kukaa, kutafuta miwani iliyo usoni, kufunga mlango na kurudi kuutikisa. Alipopewa mnyororo unaofaa aliutia mfukoni bila hata kuaga, akatoka mbio mbio kurudi stoo.

Stoo hiyo ndiyo ilikuwa ufalme wake. Marehemu mumewe alianzisha kazi ya kukata miti inayotishia mapaa ya watu, na homa ilipomchukua miaka miwili iliyopita, kikosi kilibaki kwa rafiki yake waliyemwita Kamanda. Mpandaji akawa binti yao wa pekee, mwanamke wa miaka ishirini na sita aitwaye Kindi, maana tangu utotoni hakuwahi kuona mti akauacha salama. Vifaa vikabaki kwa mama mtu. Jina lake lilitokana na tupa anayonolea misumeno, ingawa kikosi kilidai ni kwa sababu hana kitu asichokitupa.

Na kweli, kwa kutupa hakuwa na simile. Kila asubuhi alitandika turubai uani, vifaa vikapangwa juu yake, naye akavipitia kimoja kimoja: breki ya msumeno, pete za chuma, mishono ya mkanda wa kupandia. Alichoridhika nacho alikigusa akasema "Nenda." Kisichoguswa hakipandi gari. Na ndani ya stoo palikuwa na sheria moja ambayo hata Kamanda, mbishi kama alivyo, hakuwahi kuibishia: kamba iliyokunjwa na kutiwa mfukoni ni nzima. Kamba mbovu haikunjwi. Inakatwa vipande vya urefu wa mkono, papo hapo, ili asije mtu akaiokota kwa haraka zake.

Alipofika akakuta mlango wa stoo wazi na pikapu haipo. Ujumbe wa Kamanda ukaingia kwenye simu wakati huo huo: *Tumetangulia zahanati. Mti umeinamia wodi, daktari anatusukuma. Tumechukua vya kwenye mifuko tu, usihofu.*

"Wamenipita!" akafoka peke yake. "Wameondoka bila turubai, watu wazima na ndevu zao!"

Akageuka kutundika kanga yake nyuma ya mlango, akautazama msumari wa pembeni. Msumari ulikuwa mtupu.

Jamani, acheni tumseme ukweli huyu mama, ingawa tunampenda. Kwenye msumari ule ilikuwa kamba ya mumewe, ya bluu, ile aliyoipanda miaka yake ya mwisho. Wiki tatu nyuma betri ya pikapu iliwekwa rafuni, ikavuja, na Mama Tupa akakuta kamba ina unyevu sehemu moja. Asidi ya betri haijionyeshi. Inaweza kuila kamba kwa ndani, nje ikabaki inang'aa kama mpya. Alijua. Ingekuwa kamba nyingine yoyote, angekuwa ameshaikata kabla unyevu haujakauka.

Lakini hii aliiosha. Akaianika kivulini. Akajiambia ataikata kesho, na kesho ikawa kesho, na jioni moja akaketi akaikunja kwa mikunjo ile ile aliyopenda mumewe, akaitia kwenye mfuko wake, akaitundika. Hakuikunja ili itumike. Aliikunja kwa sababu mikono yake ilishindwa kuiacha imelala ovyo.

Akampigia Kindi. Simu inaita, haipokelewi. Bila shaka imeachwa ndani ya gari, na hiyo pia ilikuwa sheria yake mwenyewe. Akampigia Kamanda mara sita. Kamanda akiwa karibu na mashine ya kusaga matawi hasikii hata ngurumo ya radi.

Akasimamisha bodaboda.

"Zahanati! Kimbiza!"

"Mgonjwa ni nani, mama?"

"Ni mimi! Twende!"

Njia nzima alikuwa akimpigapiga dereva bega, mara pita kushoto, mara pita huku, mpaka dereva akamwambia kama anajua zaidi ashike usukani yeye. Mama Tupa hakumsikia. Alikuwa akipiga hesabu. Mpandaji anapokata hufungwa mara mbili, kwa kamba ndefu iliyopita juu ya tawi, na kwa mkanda mfupi wa waya unaolikumbatia shina. Kamba ikikatika, mkanda unamshika. Lakini wakati wa kushuka, mkanda unafunguliwa. Wakati wa kushuka mtu hana kingine ila kamba.

Asiwe anashuka, akaomba. Mungu wangu, nikute bado anakata.

Akaruka kabla pikipiki haijasimama. Mkaratusi ulikuwa umeinama juu ya bati la wodi, nusu ya matawi yamekwisha, na Kindi alikuwa kwenye urefu wa ghorofa nne. Msumeno alikuwa ameuzima na kuuning'iniza kiunoni. Mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye pete ya mkanda wa waya.

"Usifunguee!"

Sauti ile hata mama mwenyewe hakuijua. Wauguzi walichungulia madirishani. Kamanda akazima mashine yake, akageuka na jasho likimtiririka.

"Kuna nini tena, shemeji?"

"Kindi! Rudisha mkono! Kumbatia mti, usiilalie kamba!"

Juu kule Kindi akajibana kwenye shina. "Mama, unanitisha. Hii ni kamba ya baba. Umeikunja mwenyewe!"

"Najua nilichokifanya! Kaa hivyo hivyo!"

Kamanda, ambaye kwa ubishi wake wote si mjinga, hakuuliza tena. Akatoa kamba ya akiba kwenye gari. Kindi akateremsha uzi wa kupandishia vifaa, Kamanda akaudaka, na alipotaka kufunga, Mama Tupa akamshika mkono.

"Bado sijaigusa."

"Shemeji, mtoto yuko juu!"

"Ndiyo sababu!"

Akaipitisha kamba yote vidoleni, shubiri kwa shubiri, kutoka ncha mpaka ncha, mita arobaini na tano. Moyo unamwambia funga, mikono inakataa. Kamanda alikuwa akizunguka mti akisonya, huku juu Kindi akihamisha uzito mguu hadi mguu. Machozi yalimtoka mama akayaacha yatoke, maana vidole vilikuwa na kazi. Alipofika mwisho akasema "Nenda," na kamba ikapanda.

Kindi alishuka nayo taratibu. Miguu yake ilipogusa ardhi, mama yake alimkumbatia, kisha akampiga bega, kisha akamkumbatia tena.

"Betri iliivujia," akasema. "Wiki tatu sasa. Nilipaswa kuikata, sikuikata."

Kindi akamtazama. "Nimeiona imekunjwa ndani ya mfuko. Nikasema leo Mama amenikubali. Amenipa ya baba."

Neno hilo lilimchoma Mama Tupa kuliko lawama yoyote.

Walipoivuta chini ile kamba ya bluu, Kamanda akataka wajue moja. Akaipitisha juu ya tawi, akafungia gogo zito, akaliinua na kuliachia lidondoke. Kamba ikashika. Akaliachia tena kwa nguvu zaidi, ikashika, wala haikulia.

"Nzima kabisa!" akasema. "Umetutoa roho bure."

"Basi tusiikate, Mama," Kindi akasema upesi. "Mimi sitaipanda, naapa. Tuitundike tu ukutani."

"Ukutani ndiko ulikoitoa."

Mama Tupa akachomoa kisu. Akaanzia pale palipolowa, na ndani nyuzi zilikuwa nyeupe safi, hazina hata doa. Wote watatu waliona. Mama akapima mkono mmoja, akakata tena. Alilia kwa sauti sasa, bila kuona haya mbele ya wauguzi, na kisu hakikusimama. Kamba ilikuwa nyingi na ililegea mikononi, kisu kikaanza kuteleza.

Kindi akavua glavu. Akachuchumaa mbele ya mama yake, akaishika ncha ya pili ya kamba, akaivuta ikakaza, ili kisu kipite vizuri.