Maporomoko Aliyotumwa Kuyaona

Mzee Kagwe mwenyewe ndiye aliyemtuma mkewe Ngendo kutembea. Alikuwa amelazwa katika hospitali ndogo mjini Thika, upande wa Makongeni, miguu imevimba, pumzi zikija fupi fupi. Jumanne hiyo alimsikiliza Ngendo akimpa habari za kuku, za choo cha jirani kilichobomoka na za kwaya ya akina mama, halafu akafumba macho.

"Mama Waceke," akasema, "hao kuku nimewasikia sana."

"Sasa nikuambie nini, na mimi sitoki Ruiru?"

"Hiyo ndiyo shida. Nimefanya kazi Thika hii tangu nikiwa kijana, na kila mwaka nakuambia nitakupeleka uone maji yakianguka. Kila mwaka nakudanganya." Akapumzika kidogo. "Kesho ukija mapema, usikae kwa benchi ukingoja saa sita wafungue mlango. Nenda polepole kwa miguu, uone mji, ufike mto Chania. Kisha uje uniambie. Na uniambie vizuri, si mbio mbio vile wewe huongea."

"Mzee kama mimi nizunguke peke yangu kama mzungu?"

"Hata kofia nitakununulia."

Ngendo alicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili, ambaye hakuwa na mtu wa kumtembelea, naye akacheka. Kabla ya kutoka, Ngendo alimmiminia huyo naye kikombe cha uji.

Kesho yake alifika mapema akiwa na thamosi mkononi na raba za mjukuu wake miguuni. Mlangoni mwa wodi alikutana na nesi kijana, jina lake Cindy, ambaye siku zote alimwita shosho, yaani bibi, na kumshika mkono kwenye ngazi.

"Shosho, umekuja na nani leo?"

"Na nani tena? Peke yangu."

"Hakuna kijana wako hapo nje? Hata jirani?"

"Niko na miguu yangu, msichana. Bado inanifikisha."

Cindy alitazama chini, akavuta mikono ya sweta yake. "Basi nenda upumzike mahali, shosho. Saa za kuona wagonjwa bado. Tumeongea na kijana wako Githinji kwa simu, anakuja."

"Githinji anakuja siku ya kazi? Mzee atafurahi kweli! Haya, mpe uji huu ukiwa bado moto. Mwambie nimeenda kule alikonituma."

Cindy alipokea ile thamosi kwa mikono miwili. Alisema tu, "Asante, shosho."

Mzee Kagwe alikuwa ameaga dunia alfajiri.

Huku kwetu, habari ya namna hiyo haipewi mama aliye peke yake. Atangojwa mtu wa kumshika. Ataulizwa kama amekula, ataongeleshwa mambo ya mvua, mpaka mwanawe au ndugu yake atokee, ndipo aambiwe akiwa ameketi. Hilo Cindy hakufundishwa chuoni, alifundishwa na mama yake. Hata Ngendo alilijua vizuri. Jirani yake Gathoni alipofiwa na mume aliyegongwa na pikipiki, Ngendo ndiye aliyekaa naye jikoni asubuhi nzima, akamshika na mazungumzo ya bei ya maharagwe, mpaka kaka zake wakafika. Lakini nani hufikiri kwamba anayefichwa ni yeye? Alidhani msichana anamwonea huruma kwa sababu ya uzee.

Akashika njia.

Alitembea kama mtu aliyepewa kazi. Kila alichokiona alikipanga kichwani, kama mtu anavyopanga vitu kwenye kiondo, vizito chini, vyepesi juu, ili akifika asikose hata kimoja. Kinyozi aliyetundika kioo kwenye ua na kumnyoa mteja wake mbele ya watu. Mbuzi aliyesimama juu ya gari bovu, akitazama barabara kama mwenye gari. Waashi waliokuwa wakirushiana matofali huku wakiimba wimbo wa kanisa, na yule wa juu akikosea maneno makusudi ili wenzake wacheke. Hilo la mbuzi alilirudia kwa midomo, maana alijua Kagwe ataomba alirudie.

Karibu na soko alikuta mama Mkamba akiuza mananasi kwenye mkokoteni. Jina lake Wavinya. Alimwona Ngendo akishika kiuno, akainuka kwenye kiti chake bila kuombwa.

"Kaa, shosho. Unatoka mbali?"

"Natembea tu. Mzee wangu yuko hospitali, amenituma nione mji nikamwambie."

"Wa kwangu hunituma chumvi dukani, basi," Wavinya akasema. "Wewe umepata bwana! Chukua kipande hiki. Weka pilipili. Weka, usiogope, hujawahi kula nanasi kama hujaweka pilipili. Hapana, ficha pesa zako. Mwambie mzee wako Wavinya anamsalimia, na akipona aje anunue zima."

"Nitamwambia," Ngendo akasema, machozi ya pilipili yakimtoka, na salamu hizo nazo akazipanga juu ya zile nyingine.

Alikuwa amepita uwanja wa michezo simu ilipolia. Ni Githinji, mwanawe, dereva wa lori, aliyekuwa amepeleka mzigo Naivasha.

"Mum, uko wapi?"

"Niko Thika, natembea! Baba yako amenituma niende kuona maporomoko. Umewahi kula nanasi na pilipili?"

Ngendo alisikia magari tu yakipita upande ule.

"Githinji? Unanisikia?"

"Nakusikia, mum. Umekula?"

"Si nakuambia nimekula nanasi."

"Sawa. Basi tembea, mum. Tembea polepole. Usirudi wodini mpaka nifike, tuingie pamoja."

"Sauti yako imekauka. Umeshikwa na homa?"

"Ni vumbi tu, mum."

Ngendo aliweka simu mfukoni akifurahi kwamba mwanawe amekuwa mtu wa kuuliza mama kama amekula. Akaendelea.

Langoni mwa hoteli ya zamani iliyo kando ya maporomoko, alisita. Hakuwa na pesa za kukaa kwenye viti kama vile. Askari wa lango, kijana mwenye kitambulisho kilichoandikwa Kaleli, alimtazama raba zake zilizojaa vumbi.

"Ingia, mama."

"Sitanunua soda, kijana wangu. Nataka tu kuona maji."

"Maji hatuuzi. Mungu ndiye anamwaga. Pita huko, shika ukuta, kunateleza."

Akashika ukuta, akateremka. Kwanza alisikia ngurumo kifuani kabla ya masikioni. Kisha miti ikaachana na maji yakatokea, meupe, yakijitupa kama yamesukumwa. Alisimama akiwa ameshika kitambaa cha kichwa. Alipotembea hadi upande wa pili wa bustani akakuta mengine tena, ya mto mwingine. Miaka yote hiyo Kagwe alikuwa akisema maporomoko, maporomoko, na hakuwahi kumwambia kwamba ni mito miwili, Chania huku na Thika kule, kila mmoja unaanguka kivyake, halafu inakutana huko chini na kwenda pamoja.

"Baba Waceke!" alisema kwa sauti, peke yake, uso ukiwa umelowa. "Kumbe ni mawili! Mbona hukuniambia ni mawili?"

Akacheka. Alicheka kama msichana, na watalii waliokuwa wakijipiga picha wakageuka kumwona bibi anayecheka na maji, nao wakatabasamu.

Saa sita ilipokaribia alirudi upesi, akisahau kiuno. Aliamua ataanza na mbuzi, amwachie maji mwishoni.

Kutoka langoni mwa hospitali aliwaona. Githinji alikuwa amesimama bila kofia. Waceke, dada yake, alikuwa amejifunga leso kiunoni. Kando yao alikuwepo mke wa mchungaji, aliyetoka Ruiru siku ya kazi. Nyuma yao Cindy, ambaye zamu yake ilikuwa imeisha asubuhi, bado alikuwa na sare.

Ngendo alisimama. Waceke alianza kumkimbilia.

"Saa ngapi?" Ngendo akauliza.

"Mum, kaa kwanza."

"Saa ngapi, Githinji?"

"Alfajiri, mum."

"Kwa hivyo uliponipigia..."

Githinji aliinamisha kichwa. Cindy ndiye aliyelia. "Nilitaka tu usiwe peke yako, shosho."

"Najua, mwanangu," Ngendo akasema, akamfuta yule msichana machozi kwa kitambaa chake, ambacho bado kilikuwa na maji ya Chania. Kisha akaketi chini pale pale langoni.

Huko Ruiru viti vya plastiki vilipangwa uani, na kila alasiri vikundi vilikuja na majani ya chai na sukari: akina mama wa kanisa, wa chama, wa ukoo wa Kagwe. Na kila kikundi kikiketi, mjane hutakiwa kueleza alivyokwenda mwenzake, tangu mwanzo. Ndivyo watu husaidia kubeba. Siku ya kwanza shemeji yake mkubwa aliuliza, "Na wewe ulikuwa naye?"

Ngendo angesema nini? Kwamba mzee alikuwa baridi tayari naye anakula nanasi? Kwamba alikuwa akicheka?

Githinji alimwokoa. "Mum alikuwa hapo hapo mlangoni. Hakutoka."

Wanawake wakapumua. "Ubarikiwe," wakasema. "Ulimsindikiza vizuri."

Kwa kikundi cha pili alisema mwenyewe. Kwa kile cha tatu akaongeza benchi, na baridi ya alfajiri, na jinsi alivyomsikia akikohoa kwa mbali. Kila aliposimulia, benchi lilizidi kuwa zito na la kweli, na mbuzi, nanasi na yale maji vikapungua upande ule mwingine. Siku ya mazishi mchungaji alisoma mbele ya watu wote kwamba mke mpendwa hakuondoka mlangoni pake, na wengi wakalia kwa ajili hiyo.

Miezi ikapita. Alasiri moja Gathoni alikuja kumsaidia kuchambua maharagwe ya njahi. Yeye ndiye aliyekuwa mtu wa kumtoa nyumbani siku hizi, na alikuwa mpole sana katika kufanya hivyo.

"Kikundi cha akina mama kinaenda matembezi Desemba," akasema. "Karibu tu, maporomoko ya Thika. Umewahi kuyaona?"

Ngendo alitafuta njahi mbovu kwenye ungo, akaipata, akaitupa.

"Hapana," akasema. "Sijawahi kufika huko."